Mtu Anayeuawa Juu ya Boksi

Kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, Khelef alijikaba koo mbele ya kioo cha bafuni. Aliweka vidole gumba chini ya kikoromeo, akakaza, akatoa ulimi, akatazama jinsi jicho la kulia linavyotangulia kutoka kuliko la kushoto. Kisha alijiachia, akavuta pumzi, akajaribu kifo kingine. Kile cha mkuki wa mgongoni alikipenda zaidi, kwa sababu mdomo hufunguka kabla mtu hajajua kimempata nini.

Badriya, mkewe, alishazoea. Alisimama nje ya mlango na kikombe mkononi.

"We Khelef, hujafa bado? Chai inapoa."

"Nimebakisha kukatwa kichwa tu. Nakuja."

"Basi kikate upesi. Treni haitakungoja."

Alikunywa chai wima, akatoka kwao Rashidiya, mtaa wa Dubai, akapanda treni mpaka Deira, akaingia vichochoro vya Naif kwa miguu. Huko, orofa ya juu ya duka la masanduku ya safari, ndiko alikokuwa akichora tangu ujanani.

Kazi yake ilikuwa kuchora picha za maboksi ya gemu. Si hizi gemu za sasa, ambazo mtu anakimbia kwenye skrini ukaliona jasho lake. Ni zile za mwanzo kabisa, za kaseti ya plastiki inayochomekwa kwenye mashine, na mashine ikaungwa kwenye televisheni ya nyumbani. Ndani ya gemu zile mtu alikuwa vidoa vya mraba vilivyopandana. Upanga ulikuwa kistari. Damu haikuwepo. Aliyekufa alimetameta kidogo, akatoweka, na kengele ikalia.

Kaseti zenyewe ziliingia Deira zikiwa uchi, zimejazwa kwenye magunia kama karanga. Hazikuwa na boksi wala picha. Aliyeona njia alikuwa Ubaid, mtoto wa baba mkubwa wa Khelef. Familia zao zilitoka Unguja zamani, zikakaa mtaa mmoja, na watoto wakalelewa pamoja. Ubaid alikuwa mkubwa. Ukoo wake ulipata pasipoti ya nchi, wa Khelef haukupata, kwa hiyo leseni ya duka ilikuwa ya Ubaid, na ukaazi wa Khelef uliandikwa chini ya jina la Ubaid. Alikuwa kaka yake na kafeel wake, mdhamini wa karatasi zake, kwa pamoja.

"Mfanyabiashara wa Mombasa hanunui kaseti," Ubaid alimwambia. "Ananunua boksi. Dukani kwake hakuna televisheni ya kujaribia. Atalipanga rafuni, mtoto atalitazama, atalia mpaka anunuliwe. Akifika nyumbani akikuta vidoa, hayo ni yake na babake. Sasa wewe nichoree kitu cha kumliza mtoto."

Khelef alichora. Shujaa mwenye kilemba anamkata adui shingo. Ubaid aliitazama picha, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Huyu anapigwa au anacheza ngoma?"

"Sijawahi kumwona mtu akikatwa upanga, Kaka."

"Simama hapo nikuoneshe."

Pale chumbani palikuwa na kabati lenye kioo kirefu. Ubaid alimsimamisha Khelef mbele yake, akachukua rula ya chuma ya kukatia makaratasi, ndefu kama mkono wa mtu, akampiga nayo shingoni. Khelef alianguka juu ya vikopo vya rangi. Aliona buluu, kisha akaona nyeusi. Alipoinuka akilia, Ubaid alikuwa amekwisha kumchongea penseli.

"Chora. Kabla hujasahau."

Na Khelef alichora, maana alikuwa ameona. Wakati rula inateremka alikuwa anajitazama kiooni. Aliona ngozi ya shingo inavyokunjana upande mmoja na kukakamaa upande wa pili, na mkono unavyoruka juu wenyewe, vidole vimetawanyika, kama unamwita mtu aliye mbali. Picha ile ilipotoka kwa mchapaji iliitwa *Panga la Jangwa*. Maboksi yaliisha kabla gundi haijakauka vizuri.

Basi ikawa ndiyo desturi ya kazi. Kila gemu mpya, kuoneshwa. Gemu ya ndondi, Khelef alipigwa ngumi ya taya mpaka jino la mbele likatoka na mzizi wake. Gemu ya baharini, alishikwa nywele akabamizwa ukutani. Gemu ya nyota na vyombo vya angani, ambayo yeyote angedhani haina pa kumpigia mtu, Ubaid alitafuta pa kupiga: alimfunga waya wa umeme shingoni akauvuta, ili aone mtu aliyekosa hewa anafananaje.

Lililokuwa gumu kulieleza, hata Khelef hakumweleza Badriya, ni kwamba Ubaid hakuwa na hasira. Alipiga kama fundi anayepiga msumari. Akishamaliza alikuwa mpole ajabu. Alituma soda baridi, alimsugua Khelef mafuta ya kuchua, alimfuta damu kwa leso yake mwenyewe.

"Pole, ndugu yangu. Lakini umekiona kile kivuli chini ya taya?"

"Nimekiona, Kaka."

"Mashallah. Nani mwengine Deira nzima angekiona?"

Na Khelef, mdomo umevimba, alihisi furaha. Hilo ndilo lililomrudisha kila asubuhi. Hofu ya karatasi zake ilikuwepo, ndiyo, lakini kulikuwa pia na ile sifa.

Miaka ikaenda. Zikaja sahani za gemu, zikaja simu, kaseti zikafa. Duka likauza vifuniko vya rimoti na taa za kuchaji. Khelef aliandika vibao vya bei, na mwili wake ulipona. Alizaliwa Asila, binti wa pekee, akakua. Mtu angesema mambo yale yamekwisha.

Halafu wale watoto waliolia rafuni wakawa watu wazima. Wana mvi mbili tatu, wana vitambi, na wanautaka utoto wao urudi ukiwa ndani ya boksi. Walianza kuja Naif wakiulizia zile kaseti za zamani. Kaseti bila boksi waliisukuma pembeni. Boksi bila kaseti walilishika kwa mikono miwili. Ubaid, sasa mzee mwenye tumbo na kanzu inayonuka udi, alilisikia soko likirudi kama mtu anayesikia hatua za mgeni ngazini. Alitoa rula ya chuma nyuma ya kabati, akaipangusa vumbi.

"Khelef. Tunaanza tena."

"Kaka, tumezeeka."

"Mimi mkono wangu haujazeeka."

Haukuwa umezeeka kweli. Siku ile ile ulimvunja Khelef kidole kidogo.

Wa kukunja maboksi alikuwa Mishi, mama mmoja wa Likoni mwenye mdomo mwepesi, aliyekuja Dubai kufanya kazi za ndani, akamkimbia madam wake, akaangukia hapo. Alikunja huku anaongea. Siku ya kwanza aliyomwona Khelef akioneshwa, alipiga ukelele na kuangusha kila kitu. Siku ya pili alifumba macho. Baadaye akawa anakunja tu.

"Mzee Khelef," alimwambia siku moja akimpa barafu iliyofungwa kitambaani, "kwetu mtu akipigwa hivi anaenda polisi. Wewe unaenda kuchukua brashi."

"Hii ni kazi, Mishi."

"Kazi! Hata punda yuko na kazi, lakini yeye akichoka anapiga teke."

Khelef alicheka, akashika mbavu, maana kucheka kuliuma.

Ndipo akaja Joanita. Alikuwa mfanyabiashara wa Kampala, mwanamke mrefu wa sauti nene, amefungua huko ukumbi ambao watu hulipia kucheza gemu za kale. Alikuja na maboksi ya Khelef ya miaka yote, aliyoyakusanya nchi tatu, akayapanga mezani moja baada ya jingine.

"Bosi, mimi nauliza," alimwambia Ubaid. "Huyu muuaji wenu, kila boksi anapiga na kushoto. Kila boksi! Ni kwa nini?"

Ubaid alishangaa. Khelef akashangaa zaidi. Aliyatazama maboksi, akaona ni kweli. Alichora alichokiona kiooni, na kioo kiliugeuza mkono wa kulia wa Ubaid ukawa wa kushoto. Wauaji wake wote, wa jangwani, wa baharini, wa angani, walikuwa mtu mmoja wa mkono wa kushoto, naye hakuwahi kutambua.

"Na huyu mnayemuua," Joanita aliendelea, kidole kikitembea juu ya meza, "naye ni mmoja. Hapa kijana, meno yote yapo. Hapa jino la mbele hakuna. Hapa hakuna jino na sikio limekunjika. Hii mpya amezeeka, maskini, na bado mnamuua tu. Ni nani huyu?"

Mishi aliacha kukunja. Alilitazama sikio la Khelef, kisha akatazama boksi, kisha akainamisha kichwa.

"Ni mtu wa kubuni," Ubaid alisema, akacheka.

"Basi mbunifu ana akili mbaya sana," Joanita akasema, naye akacheka. "Lakini ndiyo maana nayataka. Mengine yote wanachora mtu anaigiza kufa. Huyu anakufa. Sasa sikia. Kwangu wasichana wanakuja kucheza, wengi. Nataka boksi la mwanamke. Mpiganaji. Apigwe, damu itoke, na uso uwe wa kweli hivi hivi. Mkinipa hilo, nachukua mzigo wote mlionao."

Alipoondoka, Khelef aliketi kuchora kabla usiku haujaingia. Alijua hatari iko wapi, akataka kuiwahi. Alichora sura yake mwenyewe, akaifunika nywele ndefu, akaweka hereni. Ubaid aliichukua, akaipeleka dirishani.

"Mishi, njoo umwone shangazi yetu. Ana kikoromeo!"

"Na ndevu kwa mbali, Bwana Ubaid," Mishi alisema bila kutaka.

Ubaid aliichana picha. Hakuwa na haraka. "Asila yuko nyumbani. Na mkono wake wa kuchora ni mzuri kukushinda wewe, nimeona. Mlete. Atasimama, atajitazama, atachora. Mimi nitamuonesha."

"Asila hapana."

"Nimesikia vibaya?"

"Nipige mimi, Kaka. Nipige utakavyo. Asila hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza Khelef kulitamka neno hilo chumbani mle, na ilikuwa mara ya kwanza Ubaid kumpiga kwa hasira. Tofauti yake ilikuwa kubwa. Rula haikutafuta pa kuangukia. Ilianguka mgongoni, ikaanguka kichwani, ikaanguka kwenye mikono iliyokinga kichwa, na alipoanguka chini teke likafuata, na jingine, viatu vya ngozi tumboni. Ubaid alikuwa anahema na mate yanamtoka.

"Karatasi zako nani anazo? Nani kafeel wako? Nani alikutoa kwenye vibao vya bei akakufanya mtu? Sema, mbwa wee!"

Alifika nyumbani ameshikwa bega na Mishi. Badriya alimlaza, akalia, akamwita majina mabaya Ubaid na ukoo wake wote. Asila alileta mafuta ya kuchua. Tangu mdogo kazi hiyo ilikuwa yake. Alijua kila alama ya mwili wa baba yake na boksi lililoizaa.

"Hii ya leo ya boksi gani, Baba?"

"Haina boksi hii."

Asila aliendelea kumchua. Kisha akasema taratibu, kama anayelaumu: "Basi wamekupiga bure."

Khelef aligeuza uso ukutani. Maneno yale yalimwingia kuliko rula. Alitaka kumwambia kwamba zote zilikuwa bure, hata zenye boksi. Alimwambia tu, "Usikanyage Naif. Hata mimi nikikuita, usije. Unasikia?"

"Nimesikia."

Siku ya tatu alirudi kazini. Ubaid alimpokea kwa kahawa na tende, hakuligusa jambo lile. Adhana ya adhuhuri ilipolia, alisema goti linamuuma, ataswali palepale. Khelef alishuka peke yake, akaswali msikitini na wachukuzi na wenye maduka, akarudi. Alikuwa katikati ya ngazi aliposikia chuma kikigonga nyama.

Mlio ule aliujua kuliko jina lake. Lakini siku zote alikuwa ameusikia akiwa ndani yake. Ndiyo mara ya kwanza kuusikia akiwa nje, naye alisimama kidogo, mguu mmoja kidato cha juu na mwingine cha chini, akishangaa kwamba ni mdogo kiasi kile.

Mishi alikuwa mlangoni, boksi lisilokunjwa amelikumbatia kifuani.

"Mzee, nimemwambia asiingie. Wallahi nimemwambia. Bwana Ubaid alimpigia simu akamwambia wewe umekubali, unamtaka mwenyewe. Akasema kama Baba amekubali, sawa."

Asila alikuwa amesimama mbele ya kabati. Mtandio umemwangukia mabegani, mdomo wa chini umepasuka, damu inateremka kidevuni na kudondoka juu ya vidole vya miguu. Shavu limeanza kupanda. Mkononi ameshika penseli. Alimwona baba yake kupitia kioo.

"Baba, usisimame hapo. Unaziba mwanga."

"Asila."

"Haiumi sana. Ami kasema ya kwanza ilikuwa ya kupasha moto tu, ya pili ndiyo itakaa vizuri."

"Mwache mtoto afanye kazi," Ubaid alisema, amekunja mkono wa kanzu. "Ana jicho huyu. Wewe siku yako ya kwanza ulilia. Yeye kauliza, Ami, uso niugeuze upande gani?"

Khelef alivuka chumba. Hakupaaza sauti. Aliishika rula kwa ncha yake, akaizungusha, na kifundo cha mkono wa Ubaid kikalia kama bua. Ubaid alifungua mdomo kushangaa, na rula ikamkuta mdomoni. Meno yalitoka. Alirudi nyuma, akaanguka juu ya rundo la maboksi yaliyokuwa yakingoja kufungwa, yakaporomoka naye, na Khelef akamfuata humo humo. Alimpiga shingoni. Alimpiga sikio. Alimpiga goti lile alilosema linamuuma. Kila pigo alilijua mahali pake, maana yote alikuwa nayo mwilini, na aliyarudisha moja moja bila kukosea. Kanzu nyeupe iligeuka nyekundu. Damu iliruka mpaka kwenye kioo.

"Mzee! Utaua mtu!" Mishi alipiga kelele. "Khalas, mzee wangu, basi! Utatuangamiza sote!"

Hakumsikia. Kilichomsimamisha ni Asila. Alikuwa ameteleza ukutani mpaka chini, amekunja magoti, mikono miwili amejifunika kichwa. Alijikunja hivyo kwa kumwogopa yeye, baba yake. Rula ilibaki hewani.

Chini, kati ya makaratasi, kitu kilianza kugugumia. Ilikuwa Ubaid, anacheka. Jicho moja limeziba, mdomo ni shimo jekundu, lakini lile jicho jingine linamkodolea Khelef kwa furaha kubwa.

"Hiyo," alisema. "Hiyo sura yako! Usiibadilishe. Miaka yote nilikuwa naitafuta hiyo. Mishi, mpe penseli. Chora, Khelef. Chora kabla hujasahau."

Na Mishi, aliyekuwa analia, aliokota penseli akaitoa mbele, kwa mazoea tu, kama anavyopokezana maboksi.

Khelef aliipokea. Jicho lake lilikuwa limekwisha kwenda. Lilikuwa limeona jinsi damu inavyofuata mkunjo wa shavu la mzee kabla ya kuanguka, na jinsi kivuli cha pua kinavyougawa mdomo uliovunjika. Ilikuwa picha nzuri. Ingekuwa bora kuliko zote alizowahi kuchora. Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kujipanga.

Aligeuka kumtazama mwanawe. Asila alikuwa ameshusha mkono mmoja. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini nyuma ya machozi alikuwa amefinya jicho, anamtazama ami yake pale chini, anapima.

"Nyanyuka," Khelef alisema.

"Baba, kile kivuli..."

"Nyanyuka, mwanangu. Mama yako anakungoja."

Penseli aliiweka mezani. Rula aliipitisha dirishani, ikasikika ikigonga paa la bati la duka la chini, watu wakatukana. Alimfunga Asila mtandio kichwani, akamfuta kidevu kwa mkono wa shati lake.

"Unakwenda wapi?" Ubaid aliuliza kutoka chini, sauti imejaa maji. "Karatasi zako ninazo mimi. Watakufuata polisi, wewe."

"Waje. Nyumbani wanapajua."

"Hee, Khelef. Ndugu yangu. Hasira hizo zitapita. Kesho usichelewe."

Mishi aliwasikia wakishuka. Asila alikuwa analalamika kwa sauti ya chini, kwamba angalau angemaliza ule mstari wa shingo, na baba yake anamwambia tu aangalie ngazi. Walitoka barabarani, kati ya mikokoteni ya masanduku na wapiga bei. Joanita alikuja jioni kuulizia boksi lake. Ubaid, amefungwa bandeji hospitali na amerudishwa, alimwambia mchoraji ametoka kidogo. Aliagiza mlango uachwe wazi.

Khelef hakurudi.